Mpishi Anakunywa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilinawa miguu mara tatu. Mara ya kwanza nilinawa kama mtu anayekwenda kanisani. Mama Mukubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye alikuwa mkuu wangu wa kwanza pale kwetu Kabambare, aliinama, akaangalia, akanirudisha kwenye ndoo.

"Nimenawa, Mama Mukubwa."

"Umelowanisha. Kunawa ni kitu kingine. Na hapa kati ya vidole iko nini? Shamba?"

Mara ya pili alinirudisha kwa sababu ya kucha. Mara ya tatu wanawake waliokuwa wanamenya ndizi walikuwa wanacheka waziwazi, na mmoja akauliza kama diploma yangu haikufika miguuni. Maana nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa ualimu, na ukoo mzima ulikuwa unangoja nitumwe kufundisha mbali. Wenzangu walikwenda. Mimi nikaitazama hiyo njia ya kwenda mbali, matope yake na madaraja yake ya magogo, nikagundua ghafla kwamba naipenda sana kazi ya pombe ya ndizi. Ukweli ni kwamba nilipenda kitanda changu, na mapipa ya Mama Mukubwa yalikuwa nyuma tu ya nyumba.

Kwa ninyi vijana ambao pombe mmeikuta tayari ndani ya chupa, acheni nieleze kidogo. Ndizi za pombe hazingojwi ziive juu ya mgomba. Zinakatwa zikiwa kijani lakini zimejaa, zinalazwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani, kisha zinafunikwa kwa udongo. Ukifukua mapema, hazina sukari. Ukichelewa, umetengeneza mbolea. Mama Mukubwa hakuuliza siku zimepita ngapi. Alipiga magoti akanusa udongo, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Zikishaiva zinamenywa na kukanyagwa pamoja na majani makavu ndani ya mtumbwi, yaani gogo lililochongwa, ambalo halijawahi kuona mto. Maji matamu yanachujwa na kutiwa kimea, mahindi yaliyooteshwa, yakaanikwa na kusagwa. Mwisho unaingia mwiko.

Mwiko wa pombe hauoshwi. Hilo mlishike. Unatundikwa juu ya moshi wa jiko na povu la pombe iliyopita limeukaukia, kwa sababu hapo ndipo chachu inalala. Ukiutumbukiza kwenye maji matamu, chachu inaamka na pipa linaanza kunong'ona. Wifi yangu mmoja, bibi harusi mpya mwenye bidii za kupita kiasi, alituonea haya akausugua mwiko wetu kwa majivu mpaka ukawa mweupe kama mfupa. Pombe ile ilikaa kimya kama mtu aliyenuna. Mama Mukubwa hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu: "Mwanangu, leo umeosha bibi zetu wote wakaisha." Ikabidi tukaazime chachu kwa jirani, ambaye mwiko wake nao ulikuwa umezaliwa kwetu. Ndiyo, mwiko una ukoo. Unachovya mti mpya katika pombe ya mti wa zamani, na mtoto amezaliwa.

Jambo jingine nililofundishwa ni la mwisho kabisa wa kazi, na mimi naliona ndilo kubwa. Wageni wakishakaa, mpishi anachota kibuyu cha kwanza, anakunywa mwenyewe mbele ya macho yote, anangoja kidogo, kisha anasema: "Mpishi amekunywa, mpishi anasimama." Hapo ndipo kibuyu kinapita. Kwetu kikombe cha mtu kinaogopwa. Watu wanafikiria sumu kabla ya kufikiria utamu. Kwa hiyo katika maisha yangu yote ya kazi nilikunywa wa kwanza. Wengine wanadai ndiyo sababu sikuacha kazi. Sitabishana na watu wenye haki.

Kituo changu cha pili kilikuwa Lusangi, kwa wachimbaji wa dhahabu. Huko mkuu wangu alikuwa Mama Prezidenti, kiongozi wa wanawake wapishi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nimepanga vizuri: nitapika nyumbani Kabambare, vijana watapeleka pombe Lusangi kwa baiskeli ndani ya bidoni, yaani madumu, na mimi nitabaki karibu na kitanda changu. Mama Prezidenti alisikiliza mpango huo mpaka mwisho, jambo ambalo baadaye nilijua ni hatari.

"Dada," akasema, "pombe ya ndizi iko kama weye. Haipendi safari. Iko hai, inapumua. Ukiifunga na kuibeba kwa nguvu, inakasirika. Pombe haisafiri. Mpishi ndiye anasafiri."

Basi nikasafiri, nikilia juu ya baiskeli ya kukodi kama bibi harusi asiyempenda bwana. Lakini Lusangi nilijifunza kukataa. Mchimbaji akija anayumba, Mama Prezidenti alipaza sauti: "Huyu mupeni uji!" na mtu mzima alipewa uji mbele ya wenzake, akaunywa, akaenda kulala. Hakuna aliyependa kupewa uji mara ya pili.

Kituo cha tatu kilikuwa Kasongo, kwenye buvette, baa ndogo, ya Madame Jeran, yaani Bibi Msimamizi, ambaye jina lake lilikuwa cheo chake na cheo chake kilikuwa jina lake. Kasongo ni mji wa misikiti, na pombe huko inakaa kwa adabu, nyuma ya ukuta, bila muziki wakati wa sala. Sufuria zetu tulizinunua kwa Bwana Salumu sokoni. Yeye hakuonja tone maishani mwake, lakini alikuwa anatuchagulia sufuria nzito kuliko zote. "Mimi nauza sufuria," alikuwa anasema. "Kinachopikwa ndani, Mungu anakiona na majirani wanakinusa."

Nilipostaafu hakuna aliyenipa saa wala hotuba. Magoti ndiyo yaliyoamua. Nikarudi Kabambare, kwenye kitanda kilekile, nikaapa kwamba pikipiki ya kunitoa hapo bado haijatengenezwa.

Sasa kuhusu mambo ya leo, kwa kuwa mnaniuliza maoni kana kwamba nimewahi kuwanyima. Riziki, binti wa kaka yangu, ndiye pekee katika ukoo aliyekubali kunawa miguu. Jioni ananionyesha kwenye telefone vijana wa miji mikubwa wanaopika bia kidogokidogo, majumbani na kwenye viwanda vidogo, wakitia tangawizi, nanasi, hata kahawa. Wanabandika etiketi nzuri na kuiita bia artizanali, yaani ya kutengenezwa kwa mikono. Nilicheka sana. Kumbe nami nilikuwa artizanali miaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia nivae vizuri! Lakini nawapenda. Wananusa glasi muda mrefu kuliko wanavyokunywa. Mama Mukubwa angewaelewa. Ninaowakataa ni wale wanaokoroga sukari na hamira ya dukani bila ndizi hata moja na kuuza kesho yake. Na zile sachets, vifuko vya plastiki vya pombe kali, zinazoning'inia mezani kama dawa ya panya, sina neno zuri juu yake. Tone lile halina mpishi. Nani amelinywa kwanza?

Na sachets ndizo zilizokuwa zinaninyima usingizi. Jeran mpya wa Kasongo, mwanamke kijana aliyekuwa anafungua buvette yake, alitaka pombe ya kwetu kwa siku ya ufunguzi. Ikipendwa, angeichukua siku zote, na Riziki angekuwa na kazi. Isipopendwa, Riziki alikuwa ameshanieleza wazi.

"Shangazi, nitaweka meza ya sachets kama wenzangu. Sitakanyaga ndizi za kunywa weye na miye tu."

Riziki aliamua kutumia chupa kama wale wa telefone. Aliziokota, akazichemsha, akataka etiketi yenye sura yangu. Nikamwambia aweke miguu yangu, ndiyo iliyofanya kazi. Nikamkumbusha pia neno la Mama Prezidenti.

"Hiyo ilikuwa zamani, Shangazi. Zamani hakukuwa na chupa."

Tatizo jingine alilileta Amisi, mwenye pikipiki. "Miye ni Mwislamu," alisema. "Ikimwagika juu ya nguo zangu, nitamuambia bibi yangu nini? Funga sana!" Basi Riziki akaziba, akafunga kwa waya, akakaza kwa koleo.

Amisi alirudi kabla ya mchana, amelowa kuanzia kofia mpaka viatu, ananuka sherehe nzima. Barabara ilizitikisa chupa, jua likazipasha, na katika kijiji fulani zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Watu wa kwetu wakisikia mlio kama huo, kama wa risasi, hawaulizi swali. Kijiji kizima kiliingia kwenye mashamba ya muhogo, na Amisi anakiri kwamba yeye alikuwa mbele yao. Asante Mungu, hakuna aliyeumia zaidi ya heshima yake.

Riziki alikaa chini anaokota vipande vya chupa kutoka kwenye mfuko. Hakulia. Afadhali angelia, maana alikuwa anatazama upande wa barabara, upande wa zile meza za sachets.

"Mama Prezidenti alisema kweli," akasema mwishowe. "Iko kama weye."

"Mimi sijawahi kupasuka."

"Hatujawahi kukufunga waya." Kisha akainua macho kwenye moshi, ulipotundikwa mwiko. "Shangazi. Ndizi Kasongo ziko, sivyo?"

"Ziko nyingi."

"Maji yako. Mahindi yako. Basi tusibebe pombe. Tubebe ukoo wake."

Ilikuwa fikra nzuri, na ilikuwa mbele yangu miaka yote, inakauka juu ya moshi. Bado siku za kutosha zilikuwepo kabla ya ufunguzi. Lakini mdomo wangu haujui kupumzika. "Na nani atakunywa kwanza?" nikauliza. "Kasongo hawakujui. Wananijua mimi."

Riziki akageuka kumtafuta Amisi na pikipiki yake. Ndipo nikaona mtego, na kwamba nilikuwa nimeutega mwenyewe.

Walinipandisha pikipiki nyuma ya Amisi, mwiko umeviringishwa kwa majani ya mgomba na kufungwa mgongoni mwangu kama mtoto. Riziki akafuata kwa pikipiki nyingine na mfuko wa kimea.

"Mama, hiyo haipasuki?" Amisi akauliza.

"Huu ni mti, Amisi."

"Hata zile mlisema ni chupa."

Kasongo tulichimba shimo uani kwa Jeran. Ndizi zilipoiva, Riziki alikuja mtumbwini ameshanawa miguu bila kuambiwa. Nilimrudisha kwenye ndoo hata hivyo. Mara moja tu, nyakati zimebadilika. Alikanyaga peke yake, akachuja, akatumbukiza mwiko. Usiku tulilala bila kusikia kitu. Asubuhi pipa lilikuwa linanong'ona.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Wazee wawili watatu waliokuwa wanakunywa kwa Madame Jeran wa zamani wakanitambua. "Mama wa Kabambare! Tulifikiri umekufa!" "Nilikuwa nimelala," nikawajibu, na halikuwa uongo. Macho yote yakawa kwenye mkono wangu, yanangoja. Mkono ukanyooka wenyewe kwenda kwenye kibuyu, kama ulivyofanya siku zote.

Mkono wa Riziki ulikuwa umeshafika.

"Kaa, Shangazi," akasema polepole. "Leo weye ni mugeni."

Akachota, akanywa mpaka nusu mbele ya watu ambao hawakumjua. Akangoja. Nikakumbuka ndoo na kucha zangu. Kisha akaniletea kibuyu kwa mikono miwili. Nikanywa wa pili, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Haikuwa pombe yangu. Ilikuwa na uchachu kidogo zaidi, na harufu ya ndizi za Kasongo. Ilikuwa nzuri, na mimi sikuwa nimeikanyaga.

Mzee wa karibu, aliyenizoea, hakumtazama Riziki. Aliniinamia mimi. "Mama, tunywe?"

Nikampa kibuyu.

"Kunywa, baba," nikamwambia. "Mpishi amekunywa. Mpishi yule pale, anasimama."