Hapana ya Kwanza

Wifi yangu Evodia alianza kumsemesha mbuzi Kiingereza mwaka ule tuliomzika Judica, na mimi ndiye wa kwanza kusema ameingiwa na wazimu. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake hapa Kamachumu, simu kaifunga kwenye pindo la kanga, sauti ya mwanamke wa kizungu inamtoka kiunoni. Mwanamke anasema neno, Evodia analirudia, mbuzi anatafuna maganda ya ndizi. Nikamuuliza kama mbuzi anajibu. Akasema mbuzi angalau hamcheki.

Basi nikamwacha, maana nilijua anachokitafuta. Judica alikuwa mtoto wake wa pekee, kwa marehemu kaka yangu. Alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akaolewa huko na Mzungu mmoja mpole tunayemwita Andrea, wakamzaa Kemilembe. Jina hilo alilitoa Evodia mwenyewe. Judica alipokuwa hai, simu ya Jumapili ilikuwa ya watu watatu: bibi anasema Kihaya, mama anatafsiri, mtoto anacheka. Ugonjwa ukamchukua Judica. Wakamleta, tukamlaza kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya baba yake.

Andrea hakuacha kupiga simu, hilo nampa sifa yake. Kila Jumapili baada ya ibada simu inalia, mtoto anasema helo, Evodia anasema Kemilembe, halafu basi. Wanasikilizana wakipumua mpaka mmoja anachoka. Nimekaa pale nikaona kwa macho yangu. Iliniuma kuliko msiba wenyewe, nasema kweli.

Ndipo mwalimu Rwekaza, anayefundisha Kiingereza sekondari, akamwekea masomo ya kusikiliza kwenye simu. Ni vipindi vifupi, kimoja kinakwisha hujamaliza kumenya chane moja. Kengele inalia, watu wawili wanazungumza dukani au stesheni, maneno yanarudiwa polepole, kisha mwanamume anaeleza kwa Kiswahili safi desturi za Waingereza. Hicho cha mwisho ndicho alichokipenda. Akimaliza tu anakuja mpakani kwangu kunihubiria. Ati Waingereza hupanga foleni hata wakiwa wawili. Ati mtu usiyemjua unamwambia habari za mvua na jua, lakini umri wake humuulizi, wala kwa nini hajaolewa. Nikamwambia sasa hao watu wanaongea nini, maana ukituondolea hayo mawili sisi tutakaa kimya mpaka jioni.

Siku moja akaja na somo la kumkaribisha mgeni. Mgeni unamuuliza kama anataka kitu. Akisema hapana asante, yamekwisha, unaacha. Ukimrudia unamsumbua, heshima ni kulikubali jibu lake la kwanza.

Nilicheka nikakaa chini. Kwetu mtu akikukaribisha chakula unasema nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma na jirani analisikia. Anakukaribisha tena, unasema ndiyo kwanza nimetoka kula. Mara ya tatu anakushika mkono, unakaa, unakula. Hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni malezi. Ukikataa na mara ya tatu, hapo ndipo tunajua kweli hutaki. Mtoto anayepokea mara ya kwanza, mama yake anamsubiri wafike nyumbani. Judica alifinywa sana kwa kosa hilo, tena kwa sababu ya ndizi zangu mimi, na aliyemfinya ni Evodia huyu huyu.

Lakini mwanamke akishika jambo ameshika. Wiki hiyo hiyo alinitolea kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikasema kama anavyosema mtu aliyelelewa, hapana waitu, ndugu yangu, asante. Akakirudisha ndani! Nimebaki pale mate yananijaa mdomoni. Nikamuuliza ni lini tumeanza kufukuzana. Akasema samahani wifi, nilikuwa najizoeza.

Desemba Andrea akamleta mtoto. Walishuka uwanja wa ndege Bukoba, wakapanda gari hadi kwetu. Kemilembe alikuwa na nyusi za Judica, zilezile, mpaka nikageuka pembeni. Akapiga magoti kumsalimia bibi yake kama mtoto wa hapa, kumbe mama yake alikuwa amemfundisha. Evodia akamkaribisha kwa Kiingereza, akamuuliza habari za safari, akamwambia leo kuna mawingu. Mtoto akajibu. Evodia akaja jikoni, akanishika mabega.

"Amenielewa," akasema. "Alistidia, ameelewa yote."

Siku zile zilikuwa tamu, sitazipunja. Kilichonikera ni chakula. Evodia anampikia ndizi na maharage, anamkaangia senene, wale panzi wetu wa msimu, anamuuliza kwa Kiingereza chake kama anataka. Mtoto anasema hapana asante, na Evodia anaondoa sahani. Nikaona macho ya mtoto yanaifuata sahani mpaka mlangoni. Baadaye baba yake anampa biskuti kutoka kwenye begi. Nikamwambia Evodia huyu mtoto ana njaa, mlazimishe. Akanijibu kwa ukali kwamba wao hawalazimishwi, kwamba yeye amesoma na mimi sijasoma. Nyumba ni yake, mjukuu ni wake. Nikaondoka na hasira zangu.

Siku moja kabla ya kuondoka, Andrea aliomba tukae sebuleni, mwalimu Rwekaza atafsiri. Akasema kazi yake inampeleka huku na huku, hawezi kumlea mtoto peke yake. Kemilembe anaweza kukaa na shangazi yake Uingereza, au abaki hapa na bibi, asome shule ya Kiingereza iliyopo huku huku. Yeye hataki kumwamulia. Mtoto ameshaelezwa, na bibi amuulize mwenyewe.

Evodia alilifanyia mazoezi swali hilo usiku na asubuhi. Alilisema akisonga ugali, akalisema akifagia uani, mpaka mimi nisiyejua Kiingereza nikalikariri. Alipomuuliza mtoto, hakukosea hata neno moja. Unapenda kuishi hapa na mimi?

Kemilembe akamtazama baba yake. Akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole. Akainama.

"No, thank you," akasema.

Evodia akatabasamu. Akamwambia sawa mpenzi wangu, vilevile kama yule mwanamke wa kwenye simu. Mtoto hakuondoka. Alisimama palepale mbele ya bibi yake, anaangalia mikeka, kama mtu aliyesikia jina lake nusu na anangoja aitwe vizuri. Mwisho baba yake akamshika mkono wakatoka nje. Evodia aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kama uso wake ulikuwa umeonyesha chochote. Nikamwambia haukuonyesha. Akasema afadhali, maana masomo yanasema usimfanye mtu aone vibaya kwa kukataa. Halafu akalia, na mimi nikalia naye.

Walikwenda zao. Simu za Jumapili zikapungua, mara mtoto yuko shule, mara yuko kwa shangazi. Kwaresima ilikuwa imekwishaanza Andrea alipotuma ujumbe wa sauti, mrefu. Evodia aliusikiliza akaambulia vipande tu, akamwita mwalimu Rwekaza. Rwekaza akausikiliza, akasimamisha, akaurudia tangu mwanzo. Kisha akavua miwani.

Andrea alikuwa anasema hivi. Mtoto alilia ndani ya ndege na hakutaka kusema kwa nini. Sasa ndiyo amesema. Mama yake alimfundisha kwamba kwa bibi Kamachumu hawakubali kitu mara ya kwanza, ni aibu. Unasema hapana, unangoja, bibi atakuuliza tena na tena mpaka ukubali. Amengoja wiki nzima. Chakula aliulizwa mara moja moja, na hata lile la kubaki aliulizwa mara moja. Basi akajua bibi anauliza kwa adabu tu, na hamtaki.

Nilidhani Evodia atapiga kelele. Aliviangalia tu vidole vyake.

"Nilimfinya Judica," akasema. "Kwa hilo hilo, Alistidia. Nilimfinya mpaka akashika."

Nilitaka kumlaani yule mwanamume wa kwenye simu na Kiswahili chake safi. Lakini angejuaje? Alisema kweli ya Waingereza, na Judica alimwambia binti yake kweli ya kwetu. Utamgombeza nani?

Jumapili hiyo Evodia hakungoja kupigiwa, alipiga yeye. Mimi nilikaa pembeni yake. Andrea alimwita mtoto, akaja anahema, alikuwa nje anaendesha baiskeli aliyonunuliwa na shangazi. Evodia hakumuuliza habari za mvua. Aliuliza swali lile lile, neno kwa neno.

Halafu mtoto akasema, "No, thank you, Bibi."

Evodia akafumba macho, akauliza tena. Safari hii alikwama katikati, akaanza upya. Mtoto akajibu yale yale, ila polepole zaidi.

Wifi yangu akaibana simu kifuani ili asisikike, akanigeukia.

"Hii hapana ni ya wapi?" akaniuliza. "Ya kwao au ya kwetu?"

Mimi huwa sikosi jibu, waulizeni watu wa Kamachumu. Nilimwambia amuulize mara ya tatu, si ndiyo desturi. Akatikisa kichwa. Akasema ya tatu ndiyo ya kweli, na yeye hawezi kuisikia.

Akairudisha simu sikioni. Mtoto hakuwa amekata. Nilimsikia anapumua kule, na Evodia anapumua huku, na hakuna aliyesema neno mpaka salio likaisha.