Alama Mbili kwenye Tepu ya Mama

Walisema sitapata cheti chochote maishani, isipokuwa cha ubatizo ambacho tayari nilikuwa nacho. Shemasi Ombati wa kanisa letu alilitamka hilo nyumbani kwetu Champlin, Marekani, mkononi tonge la ugali, nikiwa na miaka kumi na miwili, na wageni wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Leo diploma yangu ya tiba ya viungo, niliyoisomea huko huko Minnesota, imetundikwa katika kliniki yangu hapa Kisii, na hakuna mgonjwa anayeketi kabla sijamwonyesha. Kizuri chajiuza, lakini mimi changu nakitembeza pia. Hata hivyo, kila nikifungua chupa ya dawa ya kuchua misuli, ile harufu kali ya kafuri hunirudisha kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu, majira ya baridi niliyokuwa daktari bila diploma, na fahari yote hunitoka.

Chumba hicho alikipanga Eladio, mshambuliaji wa soka kutoka Paragwai. Alikuwa na miaka thelathini na sita na alikuwa amecheza katika nchi kumi na moja. Baba alikutana naye kwenye ghala moja la Maple Grove, ambako wote wawili walipakia masanduku, baada ya klabu ndogo iliyomleta Minnesota kumwacha kwa sababu ya goti lake la kushoto. Jezi zake kumi na moja alizitundika kwenye kamba kutoka bomba la maji moto hadi dirishani, na kila jezi ilikuwa na kisa. Ya njano ni ya Bolivia, ambako alitapika uwanjani kwa uhaba wa hewa ya milimani, kisha akafunga mabao mawili. Ya kijani ni ya Saiprasi, ambako klabu ilimlipa mshahara wa mwezi kwa jokofu, naye akahama akaliacha kwa jirani. Indonesia walimtungia wimbo, Meksiko wakamrushia betri za redio. Theluji ikiwa imefunika nusu ya dirisha, yeye alikunywa majani machungu ya kwao kwa maji ya barafu, akiyanyonya kwa mrija wa chuma. Mama alimtazama kama mtu anayejiua polepole. "Shemeji," alimwambia, "hata shetani hunywa chai moto!" Eladio alicheka na kumwongezea barafu mgeni aliyekuwa karibu, ambaye kwa kawaida alikuwa mimi.

Shemasi hakucheka. "Mtembezi hula miguu yake," alimwambia Baba. "Huyu amekwisha kula wa kushoto. Sasa anakula akili za mtoto wako." Ni kweli kwamba alama zangu za shule zilikuwa zimeporomoka, na ni kweli pia kwamba sikujali. Eladio ndiye mtu mzima pekee aliyeniuliza swali kisha akasubiri nijibu. Mama alikuwa amemfundisha neno daktari, naye akanipa mimi jina hilo, kwa sababu kila asubuhi, kabla ya basi la shule, nilikuwa nikimpima magoti kwa tepu ya Mama ya ushonaji, ile ya kitambaa aliyotoka nayo Kisii. Kanuni aliipata kwa daktari wa timu fulani: goti bovu likizidi zima kwa zaidi ya sentimita moja, siku hiyo ni kupumzika. Lakini kama washambuliaji wengi alikuwa na miiko yake. Hakulitazama goti kamwe. Alifumba macho, nikapima, nikasema, na neno langu ndilo lililokuwa la mwisho.

Mwezi wa Machi kocha wa klabu moja alikubali kumtazama katika uwanja uliofunikwa, kule Plymouth, Jumamosi moja tu. Akipata mkataba, kibali chake cha kuishi kingeongezwa na angemleta binti yake ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne. Akikosa, angeondoka kabla ya kiangazi. Nyumba nzima ilishika pumzi. Mama alimwombea kwa Kiswahili na Ekegusii, pengine lugha moja isingetosha.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilizungusha tepu kwenye goti la kulia, nikatia alama kwa kalamu ya wino, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu. Nikapima la kushoto, nikatia alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili vidole vyangu viwili viliingia. Goti lilikuwa na joto kama chapati iliyotoka jikoni. Eladio alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka.

"Daktari?" aliuliza.

Nilifikiria kamba ile bila jezi. "Yako sawa," nikasema.

Kule Plymouth, nikitazama kutoka ukingoni, dakika ya kumi na moja alifunga kwa kichwa, bao safi ambalo hata beki aliyempita alilipigia makofi. Kocha aliandika kitu kwenye daftari. Kisha Eladio akageuka kuufuata mpira ambao hata haukuwa wake, na nikasikia mlio kama wa njiti kavu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Eladio alivunjika guu kwa kusikia la mdogo. Walipombeba alinishika mkono. "Wewe umepima vizuri," aliniambia. "Ni mguu tu mbaya." Maneno hayo yamenitafuna kuliko kicheko cha wale wageni wote. Mwezi wa Mei aliondoka kwa magongo, jezi zote ndani ya begi moja, na baada ya salamu chache za simu namba yake ikanyamaza.

Mimi nilisoma. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Wiki iliyopita kijana mmoja wa timu ya hapa alilala mezani kwangu, fainali ikiwa kesho yake, akaniomba niseme yuko sawa. Nikamwambia hapana. Alilia, akanitukana mimi na diploma yangu, akaondoka akitembea.

Dawa ya deni ni kulipa. Mwaka jana nilirudi Champlin nimevaa suti, nikazunguka kuwalipa wote walionikopesha karo, mlango kwa mlango, Shemasi Ombati nikimweka wa mwisho ili anisomee diploma yangu kwa sauti kutoka kwenye picha ya simu yangu. Aliisoma yote, hadi sahihi. Jioni nikamrudishia Mama tepu yake, ambayo niliondoka nayo nilipokwenda chuoni na kuishi nayo miaka yote bila ruhusa. Aliikunjua chini ya taa ya cherehani, kidole kikasimama kwenye wino.

"Mama, alama hizo..."

"Nilikuwa na pazia la madhabahu la kushona jioni ya Jumamosi ile," alisema. "Niliziona. Nikasema, mwanangu ataniambia kesho."

Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaizungusha tepu kwenye vidole vyake, akaitia katika droo.

"Na umesema umelipa wote?"

Nilipiga magoti sakafuni, na suti yangu, magoti yote mawili yakiwa mazima.