Mashine Tatu na Radi ya Mchana

Nilipopewa kazi ya kupanga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa zahanati tatu, Goba, Tandale na Kunduchi, nilijivuna kidogo. Kila zahanati ingekuwa na mashine yenye nakala ya kila kitu. Moja ikifa, mbili zinaendelea. Ikibaki moja peke yake, inyamaze, maana haiwezi kujua kama imepitwa na jambo lililoandikwa kwenye nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, niliwaambia wenzangu. Nikafikiria umeme kukatika, panya kutafuna nyaya, hata wezi.

Radi sikuifikiria, mimi niliyekulia katika nyumba ambamo mawingu yakitanda tu, mama anachomoa kila kitu ukutani na kufunika vioo kwa kanga.

Mchana mmoja wa masika muuguzi wa Kunduchi alinipigia simu.

"Dada, mama yako tunaye hapa. Ana homa kali, anaweweseka. Daktari anataka kumchoma penisilini, lakini mashine imegoma kufungua faili lake. Kuna dawa inayomkataa?"

Najua chai ya mama inavyotaka tangawizi, najua hata upande anaolalia. Hilo sikulijua.

"Msimchome kwanza," nilisema.

Nikapiga Tandale. Radi ilisikika hadi kwenye simu. Muuguzi wa huko, mama mtu mzima, alinieleza bila wasiwasi kwamba mashine wameizima, wamechomoa nyaya zote na kuifunika shuka. Goba nao hawakupatikana mtandaoni. Bila shaka walifanya vilevile, wala hakuna aliyewaagiza. Ya Kunduchi, penye jua, ilikuwa na jibu kuhusu mama yangu ndani yake, ikanyamaza kama nilivyoifundisha. Niliogopa sana.

"Shikamoo mama, hata sikukusalimu. Naomba uiwashe."

"Marahaba. Na hii radi, mwanangu? Ikitupiga je?"

"Mama yangu anaumwa. Wanasubiri hiyo mashine ndiyo wamtibu."

Kisha nikasikia shuka likivutwa.

Kunduchi faili likafunguka: penisilini inamkataa. Wakampa dawa nyingine.

Baadaye nilibadilisha mpango. Mashine ikibaki peke yake sasa inasema inachokijua, na inaonya kwamba huenda imepitwa. Mama alipopata nguvu ya kukaa na kunywa uji, nilimuuliza ni dawa gani nyingine zinazomkataa.

"Leo ndiyo unaniuliza?" akacheka, akaanza kunitajia. Moja kati ya alizotaja haikuwamo kwenye mashine yoyote.