Mzee Grisi na Meli Isiyo na Breki

Pale kiwandani alijulikana kwa jina moja tu, Mzee Grisi, na kazi yake tangu ujanani ilikuwa kujaribu vinyunyizio vya mafuta. Anayedhani hiyo ni kazi ya kitoto hajui meli zile za angani zinavyokwenda. Meli inatupa bomu la nyuklia nyuma yake, bomu linalipuka, mlipuko unaipiga sahani nene ya chuma iliyofungwa mkiani, springi ndefu kama minara zinanywea, na meli inasukumwa mbele. Kisha bomu jingine, na jingine tena. Kabla ya kila mlipuko sahani lazima inyunyiziwe mafuta, la sivyo chuma kitaliwa kidogo kidogo kama kipande cha sabuni. Mafuta hayo yalimwingia Mzee Grisi kwenye kucha, kwenye kola za mashati na kwenye mto wa kulalia.

"Siku ukifa," mkewe alikuwa akimtania, "hatutahitaji wa kukubeba. Utateleza mwenyewe mpaka kaburini."

Kitinda mimba wao, binti, ndiye aliyekuwa akimletea chakula cha mchana. Alikaa juu ya mapipa, miguu ikining'inia, akiuliza maswali mpaka mhandisi mwenyewe akamkimbia. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu alisana na kuvukuta pia. Alipokua akachaguliwa kuwa mrushaji, yule anayeyatupa mabomu yale kutoka tumboni mwa meli. Baba yake alijisifu kwa kinyozi wa mtaani mpaka kinyozi akatishia kumnyoa kipara.

Halafu vita vikaja, na vita vya huko juu havina ujanja wa kuvizia. Hakuna kichaka cha kujificha wala kilima. Kila mlipuko wa kusukuma meli unaonekana na kila mwenye darubini, na hata injini ikizimwa, joto la meli lenyewe linaisema. Kombora likirushwa leo, anayerushiwa analiona leo, na litamfikia baada ya majuma. Adui waliporusha makombora kuifukuza meli ya binti ilipokuwa njiani kurudi nyumbani, mji mzima ulijua, na mji mzima ukaanza kungoja.

Makombora yalipokaribia, meli iliyageuzia mgongo. Sahani ile ile ya kuisukuma ikawa ngao, na mabomu yale yale ya safari yakawa silaha. Binti alikuwa akiyatupa nyuma, yakilipuka usoni mwa makombora. Kila jioni jua likizama watu walipanda juu ya mapaa, na kila kimweko kilipigiwa makofi.

"Mzee Grisi, binti yako anawachapa!" kinyozi alipiga kelele. "Na anavyokimbilia nyumbani! Kila bomu anaongeza mwendo!"

Mzee Grisi alipiga makofi siku ya kwanza. Siku ya pili aliitia mikono mfukoni. Kinyozi alisema kweli, na ndiyo iliyokuwa balaa. Ili isimame, meli ile ilipaswa kuelekeza sahani upande wa nyumbani na kulipua mabomu mengi kama yale iliyoyatumia kuongeza mwendo. Kila bomu lililomwokoa mtoto liliondolewa kwenye akiba yake ya kufungia breki, na papo hapo likamwongezea kasi. Meli nyingine za kwenda kumdaka hazikuwapo. Vita vilikwisha kuzila. Kiwandani wote walilijua hilo na hakuna aliyelitamka. Walianza kumpisha mlangoni na kumwachia kiti kizuri wakati wa chai. Aliwachukia kwa wema ule. Walikuwa wakimpa pole na mtoto bado yu hai.

Kombora la mwisho lilipolipuliwa, mitaa ilijaa nyimbo. Mkewe alifua mashuka ya binti, akayaanika, akayapiga pasi.

"Anafika lini, baba watoto?"

"Bado wanapiga hesabu," alijibu, akatoka nje asionekane uso.

Kila mwanameli aliruhusiwa kuongea na ndugu mmoja kwa redio. Mzee Grisi aliingizwa katika chumba kidogo chenye meza na kipaza sauti, mlango ukafungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mmebakiza mangapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Nimetafuta la pili mpaka chini ya vitanda."

"Kwa moja hamsimami, mwanangu."

"Najua. Ulinifundisha mwenyewe. Tutapita juu yenu, halafu tutaendelea tu. Chakula kipo cha miezi kadhaa."

Alitafuta neno la baba, neno zito la kumwachia mtoto, asilipate. Kilichomtoka ni hiki: "Vinyunyizio vinafanya kazi?"

"Vizuri sana, baba. Havijaziba hata kimoja."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kipaza sauti kikiwa wazi, wala hakuona haya.

"Sikiliza," binti akasema. "Nahodha amenikubalia. Hilo moja tutalilipua kesho jioni tukipita juu yenu, mama alione. Ni salamu yangu kwake. Lakini mwambie ukweli wewe mwenyewe, asije kuusikia kwa majirani."

Aliahidi. Usiku ule hakuthubutu, asubuhi hakuthubutu, mchana akajisingizia kazi. Jioni alipanda ngazi za kwenda juu ya paa akiwa ameyapanga maneno, akamkuta mkewe ameshatangulia kuingoja meli ya binti, amevaa gauni lake jema. Kabla hajafungua kinywa, kimweko cheupe kikawaka juu ya mji, kikazimika.

"Umeona?" Mkewe alimkumbatia, machozi ya furaha yakimtiririka. Hakuishi na mtu wa kiwanda maisha yake yote bure. "Wamegeuza sahani! Ameanza kufunga breki! Sasa linakuja la pili."

"Mke wangu, kaa chini."

"Nikae saa hii?"

"Hakuna la pili. Lile ndilo la mwisho. Alikuwa anakuaga."

Mkewe hakumtazama. Alikuwa amekaza macho juu, hata kupepesa anaogopa.

"Nyamaza, baba watoto," alisema. "Utanifanya nilikose."