Kioo cha Chumba cha Eksirei

Nilikuwa na mtoto wa kunyonya nilipopata kazi kwenye mgodi mmoja wa almasi, upande wa Songwa. Nimemaliza kidato cha nne, nikapewa fagio. Sawa. Nikamfunga mwanangu mgongoni kwa kanga, nikaingia.

Nilisafisha chumba cha eksirei pale getini. Wanaume wakitoka zamu walipigwa picha ya tumbo, isije ikawa mtu amemeza jiwe. Kwenye mdomo wa mashine kulikuwa na kioo kidogo cha kuzuia vumbi, kimekuwa na rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi. Mnyapara alinionyesha kwa kidole.

"Msomi mzima, kuosha kioo kunakushinda?"

Nikakisugua. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa miaka ile, kwa hiyo nilitumia majivu, kisha ndimu na chumvi, kama mtu anayetoa masizi kwenye chimni ya taa. Wapi! Kitambaa kilitoka safi, kioo kikabaki vilevile. Na kioo cha dirisha, chumba hichohicho, hakikuwa na doa.

Fundi wa picha, kijana wa utani mwingi, akanicheka. "Mayu, mama yangu, utamaliza majivu ya wilaya nzima. Huo si uchafu. Miale ya mashine imekibadilisha kioo chenyewe, ndani kwa ndani."

"Na huyu wa mgongoni?"

Akaacha kucheka. "Mashine ikiwaka, msiwe humu."

Lakini mnyapara ndiye aliyetaka nifagie foleni ikiwa inapita mbele ya mashine, eti zamu isichelewe! Tangu siku hiyo sikutulia. Nikifika nyumbani namvua mtoto nguo, namgeuzageuza juani, natafuta ile rangi kwenye ngozi yake. Akilia, nashtuka. Akinyamaza, nashtuka zaidi. Baba yake akasema nimepagawa.

Nikamwambia mnyapara siingii tena mashine ikiwaka. Alikitoa kile kioo, akakipeleka kwa mama aliyeuza chai nje ya geti, akakilaza kwenye bati juu ya jiko la mkaa.

"Masizi dawa yake moto," akasema.

Niliomba kipasuke. Hakikupasuka. Rangi ilififia polepole mpaka kikawa cheupe kama kimetoka dukani. Wanaume waliokuwa wakinywa chai wakapiga makofi.

"Mmeona uvivu wa wasomi? Uchafu huo! Rudi ndani."

"Moto unaondoa hata ile rangi ya miale," fundi akasema, kikombe cha chai mkononi.

"Nani kakuuliza wewe?"

Nikapandwa na hasira. "Haya, kioo umekiweka jikoni kimepona. Mwanangu nimweke jiko gani?"

Zamu ilikuwa inatoka, na fundi akaenda kuwasha mashine. Nikamsukumia mnyapara fagio kifuani.

"Foleni hiyo inakuja. Ingia ufagie wewe, si uchafu tu?"

Alilipokea. Akatazama mlango wa chumba cha eksirei. Mashine ilishaanza kuvuma. Alisimama palepale na fagio lake mpaka mtu wa mwisho akapita, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, kuanzia leo nitafagia mashine ikishazimwa.

Kumbe alijua kwamba si uchafu! Nilimhamishia mtoto kifuani nikamnyonyesha mbele yao wote, namkagua tena mashavu, shingo, vidole.