Fishi Iliyokatwa Nyuma ya Televisheni

Kaka mkubwa wa mume wangu hajawahi kumlisha kuku hata punje moja ya mahindi, lakini ndiye aliyejipa kazi ya kugawa umeme wa nyumba yangu. Niseme mapema: simpendi, wala sina mpango wa kujifunza kumpenda.

Tulikuwa na paneli mbili juu ya bati, betri moja, na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri utumike nyumbani. Umeme wa mji, hapa Kamina, huja ukijisikia. Betri yetu ilikuwa na kazi moja ya maana: kuwasha balbu za kuvezi yangu, sanduku la mbao la kutotolesha mayai. Ndani yake mlikuwa na mayai arobaini na manane. Siku chache baada ya kuyaweka, kideri kilipita mtaani kikafagia kuku wangu wote, majike na jogoo. Kila kilichobaki cha ufugaji wangu kilikuwa ndani ya lile sanduku.

Basi shemeji akarudi kutoka Lubumbashi na televisheni bapa, nyembamba. Alisema ni zawadi kwa mdogo wake, yaani mume wangu. Mdogo wake mwenyewe alikuwa Bukama akinunua samaki, lakini hilo halikumzuia kuanza kutoboa ukuta asubuhi ileile.

Alitaka ilale ukutani kama kalenda. Haikulala. Soketi ilikuwa nyuma yake, na fishi, yaani plagi ya kuchomeka, ilikuwa nene, ikaisukuma televisheni mbele vidole vitatu. Mtu mwenye akili angechimba ukuta soketi izame, au angeihamishia pembeni. Yeye alichukua koleo akaikata fishi, akauunga waya moja kwa moja na ule wa konvertisa, akafukia kila kitu kwa simenti.

«Yaya,» nikamwambia, maana mkubwa wa mume haitwi kwa jina, «sasa nikitaka kuizima kabisa, nitachomoa wapi?»

«Mama, utachomoa ya nini? Télécommande iko.»

Rimoti yenyewe alikaa nayo yeye. Alikwenda nayo hadi chooni.

Jumapili, siku ya ishirini ya mayai, alileta wanaume wanne kutoka kanisani kutazama mpira. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hawa walikuja mwenyeji augue. Mawingu yalikuwa yametanda tangu Ijumaa, na paneli hazikupata jua la kutosha. Tangu asubuhi vifaranga walikuwa wakilia ndani ya maganda, sauti nyembamba, nami nilikuwa nimeinama pale kwenye kuvezi nikisikiliza na kucheka peke yangu. Kabla ya mapumziko ya mpira konvertisa ikaanza kupiga mlio wake: betri inaisha.

«Yaya, betri inaisha. Batoto ya kuku banalia mu mayai. Tuzime télé.»

«Ngoja mpira iishe.»

«Batakufa.»

«Kuku itataga ingine.»

Kuku gani? Alikuwapo nilipowazika, kabla ya safari yake ya Lubumbashi. Wale wanne wakacheka, mmoja akaniomba maji ya kunywa.

Niliweka mkono kwenye kioo cha kuvezi. Balbu zilikuwa nyekundu tu, kioo kilikuwa kimepoa. Ningeizima konvertisa, zingezimika balbu pia; na televisheni peke yake haikuchomoleka, kwa sababu ya ile kazi yake ya simenti. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nikampelekea mgeni maji yake. Kisha nikaenda jikoni nikachukua panga.

Nilizima konvertisa kwanza. Mimi si mjinga. Wakapiga kelele. Nikabandua simenti chini ya televisheni mpaka waya ukaonekana, nikaukata, nikafunga ncha zake kwa vipande vya nailoni, nikawasha tena. Balbu zikapata rangi taratibu. Hakuna aliyeinuka kunisaidia.

«Unanitukana mu nyumba ya ndugu yangu?»

«Ndiyo, yaya,» nikasema. Sijawahi kusema kweli kama ile.

Walitoka vifaranga thelathini na mmoja. Wiki hiyohiyo familia ya mume ikakaa kikao bila mimi, na shangazi yao akatumwa kuniletea hukumu. Alikaa kwenye kiti karibu na ukuta uliobanduka, akasema kwa upole kama mtu anayenifanyia hisani:

«Utapiga magoti mbele ya yaya. Na umupe kuku mumoja. Mambo iishe.»

Mume wangu, aliyekuwa amerudi jana yake akinuka samaki, akamwahidi kwamba tutangoja wakue kidogo, kisha tutampelekea mmoja mzuri. Nikamwambia mbele ya shangazi yake kwamba kuku wote walioko hapa ni wale ambao kaka yake alitaka wafe, na kwamba hatamla hata mmoja.

Shangazi aliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu vifaranga kila asubuhi, nikimwogopa mume wangu na ahadi yake, si mwewe.