Pole Haimfungi Mtu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Marehemu mume wangu anisamehe huko aliko, lakini harusi haikuniuma. Siku ninayoisema ni siku niliyovunjwa mguu. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa msichana mwenye kiburi cha miguu. Nikitembea, wenzangu walinifuata kwa kukimbia.

Nilikuwa nateremka kwenda mtoni nivuke upande wa Alunguli, kikapu cha muhogo kichwani. Nyuma yangu akaja Ramazani, kijana wa mtaa wetu, juu ya kinga, hiyo baiskeli ambayo nyinyi mnaiita velo. Nikajikuta chini. Muhogo umetawanyika, gurudumu linazunguka hewani, na mguu wangu wa kushoto umelala upande ambao mguu haulali. Nilipiga yowe hadi wavuvi wakaacha nyavu zao. Ramazani akainuka, akanisogelea, nikamwona midomo inafunguka: "Po..." Halafu akaifunga. Akasimama pale kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, mpaka watu wengine wakanibeba.

Sababu niliijua baadaye. Mjomba wake alikuwa mkalimani kwenye mahakama ya Wazungu, naye aliwafundisha vijana wa ukoo wao: "Mukigonga muntu, mufunge kinywa. Kule kwa Mzungu, anayesema pole amekubali kosa, na anayekubali kosa analala boloko." Boloko ndiyo gereza, mwanangu, na la siku zile lilikuwa na kiboko ndani yake. Simlaumu sana yule mjomba. Alikuwa ameona pole yetu ikitiwa kwenye Kifaransa, ikatoka upande wa pili imekuwa "nisamehe, ni mimi", na mtu asiye na hatia akaondoka amefungwa kamba.

Basi nikalazwa kwa mama mmoja aliyejua kuunga mifupa, mguu umekazwa kwa vijiti vya mwanzi. Nilimuuliza kama nitatembea tena. Akanijibu, "Mungu njo anajua, ndiye peke yake. Mi nafunga tu." Weee, nililia! Msichana asiyeweza kwenda shambani wala mtoni, nani atamtaka? Watu wakaja kuniona: majirani, wauza samaki, hata yule mama niliyegombana naye kisimani. Pole, pole sana, pole mutoto wangu. Wa kwao Ramazani hakuja hata mmoja. Mfupa ukaanza kuunga, na moyo ukaanza kuvimba.

Baba akapeleka shauri kwenye baraza la Mzee Feruzi, aliyekuwa akiamua mambo ya sisi wenyeji. Alitaka mbuzi wawili, na asipowapata, twende kwa hakimu Mzungu. Nikapelekwa nimebebwa kitandani. Mjomba akasimama, suruali imenyooka kwa pasi, akaongea vizuri, lo! Kwamba barabara ni ya wote. Kwamba kengele ililia. Kwamba mwenye kikapu kichwani asitembee katikati. Baba naye akamjibu kwamba mguu wa mtu si mti wa njiani. Wakavutana weee, hakuna aliyemshinda mwenzake, na Ramazani ameinamisha kichwa tu.

Mzee Feruzi akawanyamazisha wote wawili, akanigeukia mimi.

"Mutoto, we njo mwenye mguu. Unataka nini?"

"Mumupeleke kwa Mzungu. Alale boloko."

Watu wakaguna. Mama yake Ramazani akashika kichwa.

"Juu ya mguu?"

"Hapana, baba. Juu ya pole. Hakunipa hata pole!"

Nikaangua kilio mbele ya wazee, bila haya. Mzee akaniacha nilie nimalize, kisha akataka niwataje wote walionipa pole tangu nilale. Nikawataja.

"Wote hawa njo walikuvunja mguu?"

"Hapana, baba."

Akamgeukia mjomba. "Bwana mukalimani, umesikia? Ukijikwaa, jiwe si langu, njia si yangu, lakini nikikukuta chini nitakupa pole. Huko kwa Mzungu mutajuana. Hapa kwangu, kuanzia leo, pole haimufungi muntu. Kosa tutalitafuta kwingine."

Nikaona mabega ya Ramazani yanashuka. Akaja hadi kitandani kwangu, akapiga magoti. "Pole, dada. Pole sana, dada yangu." Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaitaja breki: "Fre ya kinga ilikufa tangu asubuhi. Nilijua haishiki. Nikasema nitafika tu." Mjomba wake akafumba macho.

Na mimi, ulimi hauna mfupa, nikajisikia nasema: "Kengele niliisikia. Nikasema atanipisha, mi sitoki." Baba akanifinya mguu, ule mzima, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baraza zima likacheka, hata mama yake Ramazani, machozi yakimtiririka.

Mbuzi wawili wakawa mmoja, na Ramazani akaamriwa kutuletea maji na kuni mpaka nitembee. Boloko hakuiona. Nami nilipumua, mwanangu, nikapumua kweli. Kumbe kilichokuwa kikiniuma zaidi hakikuwa mguu. Hasira hasara, wazee hawakukosea. Mguu nao ulipona. Umepinda kidogo, lakini umenifikisha hadi mji wa Kama na kurudi, na harusini kwangu niliuchezea ngoma mpaka mume wangu akaona aibu.

Sasa nisikilize, wewe wa pikipiki. Nasikia siku hizi mkimwangusha mtu, mnakimbia, au mnatafuta wakili kabla ya kumshika mkono aliye chini. Wakili simkatai, haki ina njia zake. Lakini usikubali mtu akufundishe kuogopa neno ulilonyonya kwa mama yako. Pole kwanza, mashauri baadaye. Na kama ulikosa, sema ulikosa, maana mficha uchi hazai. Na siku ukiumizwa wewe, ukipewa pole, ipokee. Usiishike kama ushahidi ukakimbia nayo kwa hakimu. Watu wakianza kuziogopa pole zao, siku moja utaanguka katikati ya soko, umati umekuzunguka, na hakuna atakayefungua kinywa.

Mungu akuepushe na siku hiyo. Akupe moyo wa kuinama haraka panapoanguka mwenzio, na siku ya kuanguka kwako, usikose wa kukuinamia. Amina, mwanangu.